Seva si zege

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Tabata. Ni msimamizi wa mifumo katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi hapa Dar, na pia ndiye fundi wa printa, mbadilisha wino, na mtu wa kuulizwa kwa nini WhatsApp ya bosi haifunguki. Ofisi kuu iko Gerezani, duka kubwa liko Kariakoo, ghala liko pembeni ya Barabara ya Nyerere. Watumiaji ni kama sabini hivi. Idara ya IT ni mimi.

Tuna seva tatu, zote zimebanana kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Ya kwanza ina Windows Server 2012 R2. Hiyo ndiyo inayotunza majina na nywila za watu wote kwenye Active Directory, inagawa anwani za IP, na ndiyo yenye mafaili ya ofisi. Ya pili nayo ni 2012 R2, ina programu ya uhasibu na kanzidata yake ya SQL Server 2014. Ya tatu ni CentOS 7, aina ya Linux, ina tovuti ya ndani ambayo duka na ghala wanaitumia kuombana mzigo. Aliyeiandika aliacha kazi kabla mimi sijaajiriwa.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimwambia mzee kwamba mifumo hii imezeeka. Jibu lake ni lile lile: "Inafanya kazi, unaigusa ya nini?" Mwaka jana nikachoka kuomba, nikajaribu kimyakimya. Ijumaa usiku nikachomeka toleo jipya kwenye seva ya uhasibu, nikachagua kupandisha juu kwa juu, mafaili yabaki yalipo. Saa nane usiku ikawaka vizuri kabisa, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe ile programu ina kidude cha leseni kinachochomekwa nyuma ya seva, cheusi, kidogo kama kidole gumba, na Windows mpya ikakikataa. Nakala rudufu nilikuwa nayo, ila ilikuwa kwenye diski ya nje ambayo sijawahi kurejesha kitu chochote kutoka humo. Mpaka Jumapili usiku ndiyo nikafanikiwa kurudisha hali ya zamani. Jumamosi nzima duka la Kariakoo waliandika oda kwa mkono, na nondo za mteja mmoja zikatoka ghalani mara mbili.

Sasa upepo umegeuka. Wakaguzi wa nje wameandika kwenye ripoti yao kwamba seva zetu hazipati tena viraka vya usalama, na benki tunayoomba mkopo imeisoma hiyo ripoti. Mzee ameniita: "Nataka zote tatu ziwe mpya mwezi huu. Ingia Ijumaa, toka Jumatatu. Zege halilali." Amekubali kununua seva moja mpya na leseni zake, ila alitaka nimhakikishie kwamba ya mwaka jana hayatajirudia. Nikamwambia ndiyo. Anti, nimedanganya.

Nipandishe juu kwa juu au nianze upya? Toleo lipi? Na huyu mzee nimwambie nini, maana neno "muda" hataki hata kulisikia?

Nisiyelala, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huo uongo, maana ndio unaokunyima usingizi. Umemwahidi mzee kwamba hakuna kitakachoharibika, na hiyo ahadi hata waliotengeneza Windows hawaitoi. Rudi kwake ubadilishe maneno. Mwambie: "Mzee, Jumatatu saa mbili asubuhi duka litauza. Litauza kwa mfumo mpya, au litauza kwa ule wa zamani, lakini litauza." Hiyo unaweza kuitimiza, na barua yangu yote hii ni jinsi ya kuitimiza.

Mzee wako anauza saruji, kwa hiyo zege analijua kuliko mimi na wewe. Zege halilali kwa sababu likishachanganywa maji haliwezi tena kurudi kuwa mchanga na kokoto. Kuhamisha seva ni kinyume chake. Kazi yote ya kupanga ni kuhakikisha kwamba, mpaka saa fulani iliyoandikwa kwenye karatasi, mchanga bado ni mchanga na kokoto bado ni kokoto. Mwaka jana ulichanganya zege. Seva ya zamani na seva mpya zilikuwa ni mashine moja, diski moja, na ulipokwama katikati hukuwa na pa kurudi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibika. Juu kwa juu, hapana. Najua inaruhusiwa, Windows Server 2025 inakubali kupandishwa moja kwa moja kutoka 2012 R2, na zamani ilibidi upite kwanza 2016 au 2019. Inaruhusiwa, lakini kwa mtu mmoja mwenye seva tatu na bosi mmoja, sikushauri. Jenga mpya pembeni, hamisha kitu kimoja kimoja, na ya zamani iache ipumue mpaka uhakika uwepo. Ndivyo watu wanavyohama nyumba mjini hapa: huwezi kumrudishia mwenye nyumba funguo asubuhi, ndiyo jioni uanze kutafuta chumba.

Sasa kabla hujagusa chochote, nunua daftari. Sisemi jedwali la kompyuta, nasema daftari, kwa sababu utatembea nalo Gerezani, Kariakoo na ghalani wiki nzima. Unachotafuta ni nani anaigusa seva gani, kwa njia gani, saa ngapi. Utashangaa. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye ofisi moja mjini, tukahamisha seva kwa ustadi wa kujivunia. Jumatatu asubuhi kila kitu kinawaka, tukanywa chai na vitumbua. Saa tano mlinzi wa getini akaja anahema: magari manane yamepanga foleni nje, karatasi za kutolea mzigo hazichapishwi. Tulihangaika saa mbili. Kumbe kulikuwa na kazi inayojiendesha kila saa tano usiku, inanakili orodha ya mzigo kwenda kompyuta ya getini, na ilikuwa inaendeshwa kwa akaunti ya kijana aliyeacha kazi zamani. Katika kusafisha tukaifuta akaunti yake, tukidhani tunafanya usafi.

Kwa hiyo fungua orodha ya kazi zinazojiendesha kwenye kila seva, na mbele ya kila moja andika inaendeshwa kwa jina la nani. Kwenye CentOS angalia crontab, yaani orodha ya kazi hizo, ya kila mtumiaji, si ya root (msimamizi mkuu) tu. Angalia printa. Angalia njia za mkato ambazo watu wamezitengeneza wenyewe kwa kuandika anwani ya IP badala ya jina la seva. Hizo ndizo zitakazokuita Jumatatu. Na tafadhali, mashine ya fotokopi. Kama ni ya zamani na inaskani moja kwa moja kwenye folda ya seva, kuna uwezekano mkubwa inaongea SMB ya kwanza, toleo la kale la lugha ya kugawana mafaili kwenye mtandao, ile ambayo kuanzia Windows Server 2019 haiwekwi yenyewe unaposimika. Utahamisha mafaili yote salama, halafu dada wa mapokezi atakwambia "skana imekufa". Usikubali kuirudisha SMB ya kwanza ili tu kumridhisha fotokopi. Ndiyo mlango alioingilia WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, tarehe 12 Mei 2017. Ielekeze skana itume kwa barua pepe, au tafuta kama ina programu mpya ya kuongea SMB ya pili.

Sasa kile kidude cheusi. Hicho ndicho kilichokuangusha, na usipoangalia kitakuangusha tena kwa namna nyingine. Nadhani seva mpya utaigawa kuwa mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya mashine moja, ndivyo inavyopaswa. Ukitumia Hyper-V, mtambo wa Windows wa kuendesha mashine hizo, jua kwamba haina njia yake yenyewe ya kukipitisha kidude cha USB kiingie ndani ya mashine pepe. Utakichomeka nyuma ya seva, taa yake itawaka, na programu ya uhasibu ndani itakwambia leseni haipo. VMware na Proxmox, mitambo mingine ya namna hiyo, zinaweza kukipitisha. Lakini kabla hujaanza kubadilisha mtambo mzima kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba, mpigie muuzaji wa programu umuulize mambo matatu: je, toleo tulilonalo linakubali Windows Server mpya na SQL Server mpya? Je, kuna dereva mpya ya kidude? Je, mnaweza kutubadilishia iwe leseni ya faili? Majibu yaje kwa maandishi. Akikwambia kwa simu "haina shida hiyo", jibu hilo halimo kwenye daftari.

Kuhusu toleo. 2012 R2 iliachwa rasmi tarehe 10 Oktoba 2023, na hata viraka vya kulipia vina mwisho wake, 13 Oktoba 2026. SQL Server 2014 iliachwa 9 Julai 2024. Usikubali kuuziwa Windows Server 2016 kwa sababu ni "ya bei poa". Hiyo inafika mwisho 12 Januari 2027, utarudi kwangu na barua nyingine. 2019 inakwenda mpaka Januari 2029, 2022 mpaka 14 Oktoba 2031. Mimi kwako ningeweka 2022, na sababu si ushamba wa kuogopa kipya. Seva ya domeini, yaani ile inayoendesha Active Directory, ikiwa na 2025 inadai domeini iwe imefikia kiwango cha 2016 kwanza. Yako, ikiwa na seva moja tu ya 2012 R2, haiwezi kuwa imefika huko. Ungelazimika kupitia hapo katikati hata hivyo. Nunua leseni za 2025 kama ndizo zilizopo sokoni, lakini mwambie muuzaji akuandikie kwamba zinakuruhusu kusimika 2022.

Na leseni zenyewe: zinahesabiwa kwa kiini cha prosesa, na kima cha chini ni viini 16 kwa seva hata kama yako ina vinane. Leseni ya Standard ikifunika viini vyote inakupa haki ya mashine pepe mbili za Windows, na kwako zinatosha: moja ya domeini na mafaili, nyingine ya uhasibu. Ile ya Linux hailipiwi, ya tatu hiyo. Kinachosahaulika kila mara ni leseni za watumiaji. Zile za 2012 haziruhusu watu kuingia kwenye seva ya 2022, lazima mnunue upya kwa watu sabini wote, na bei yake inaweza kumfanya mzee akae chini. Bora akae chini sasa. Zile funguo za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi mayai achana nazo. Mna wakaguzi, na wakaguzi wanauliza risiti.

Utaratibu ninaoupendekeza hauna wikiendi moja ya kufa na kupona. Una mafungu matatu, na mzee ataona kitu kimeisha kila wiki, ndivyo utakavyomlipa lile neno asilolipenda.

Fungu la kwanza ni domeini, na hiyo unaifanya siku za kazi, mchana, watu wakiendelea na shughuli zao. Hushangai? Active Directory imeundwa iishi kwenye seva zaidi ya moja. Kwanza kwenye ile ya zamani endesha `dfsrmig /getglobalstate`. Kama domeini yenu ilizaliwa enzi za 2003, huenda SYSVOL, folda ya pamoja ya seva za domeini, bado inanakiliwa kwa njia ya kale ya FRS, na kuanzia 2019 seva hazikubali kujiunga na domeini ya namna hiyo. Itabidi uihamishe kwanza. Halafu unaiingiza 2022 kama seva ya pili ya domeini, unaacha zinakiliane siku mbili tatu, unahamisha yale majukumu matano ya kusimamia domeini (`netdom query fsmo` itakuonyesha yako wapi), unahamisha ugawaji wa IP na mafaili ya ofisi, unaelekeza kompyuta zote zitumie DNS (kitafsiri cha majina kuwa anwani) ya seva mpya. Kisha unaizima ya zamani kwa wiki moja. Kuzima tu, usiishushe cheo, yaani usiiondoe kwenye kazi ya domeini. Wiki hiyo ndiyo itakayokuonyesha nani alikuwa bado anaitegemea. Ikipita kimya, unaiwasha, unaishusha cheo kwa utaratibu, imekwisha. Mkipata hela baadaye, mnunue seva ya pili ya domeini. Watu sabini kutegemea moja ni kukaa kwenye kiti cha mguu mmoja.

Fungu la pili ni CentOS. Iliachwa 30 Juni 2024. AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9 zote ni za bure na zinahudumiwa mpaka Mei 2032. Chagua mojawapo usipoteze siku kulinganisha. Tatizo lako litakuwa ile tovuti ya ndani. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4 (PHP ni lugha ya kuandikia tovuti), hizi mpya zinakuja na PHP 8.0. Ingia kwenye mafaili yake, tafuta neno `mysql_connect`, amri ya zamani ya kuunganisha tovuti na kanzidata. Ukilikuta, jua kwamba familia yote ya amri hizo iliondolewa tangu PHP 7.0, na tovuti haitafunguka hata ukurasa mmoja. Hapo kazi yako si ya kuhamisha seva tena, ni ya kumtafuta mwandishi wa programu kwa wiki mbili. Ni afadhali ulijue hilo leo, umekaa, kuliko kulijua Jumamosi usiku.

Fungu la tatu ni uhasibu. Hapa ndipo pa kukaa sana.

Kanzidata ya SQL Server 2014 ukiichukua nakala yake, itarejeshwa kwenye 2019 au 2022 bila ugomvi. Lakini safari hiyo ni ya kwenda tu. Kanzidata ikishakaa kwenye toleo jipya, nakala yake hairudi kwenye toleo la zamani, hata ufanyeje. Maana yake ni kwamba siku ya kuhama, tangu unapochukua nakala ya mwisho mpaka unapotangaza "tumehamia", mtu yeyote asiandike chochote, kwenye ya zamani wala kwenye mpya. Mkianza kuuza kwenye mpya na mchana mkaamua kurudi, mauzo ya asubuhi yote yatakuwa ni ya kuandika upya kwa mkono. Huo ndio mstari wa zege lako. Ujue uko wapi.

Mambo mawili madogo ambayo hayasafiri pamoja na kanzidata: watumiaji wa kuingilia SQL na zile kazi zake za usiku. Vyote vinakaa kwenye kanzidata za seva yenyewe. Watu huhamisha, hujaribu wakiwa wameingia kama msimamizi, kila kitu kinafunguka, halafu mhasibu akijaribu anafungiwa nje. Jaribu kwa akaunti ya mhasibu, kwenye kompyuta ya mhasibu, ukiwa umekaa kwenye kiti chake.

Na mfanye mazoezi. Chukua nakala rudufu ya wiki iliyopita, kutoka kwenye diski ile ile ya nje iliyokutesa, irejeshe kwenye mashine pepe mpya iliyofungiwa mtandao wake peke yake, halafu muombe dada wa uhasibu nusu saa. Afungue orodha ya wadaiwa ya mwezi uliopita, alinganishe jumla na ile aliyoichapisha na kuiweka kwenye faili lake. Atoe ankara ya majaribio. Afute moja. Atakuonyesha vitu ambavyo wewe hukujua vipo. Pima muda wa kila hatua kwa saa ya mkononi, uandike. Kama kurejesha kulichukua dakika 50 kwenye mazoezi, usiku wenyewe panga saa moja na nusu.

Tarehe ya usiku wenyewe usiichague kwa kuangalia kalenda ya IT. Angalia ya uhasibu. PAYE na SDL, kodi na tozo ya mishahara, ni tarehe 7, ritani ya VAT ni tarehe 20, mishahara mwisho wa mwezi. Jumamosi inayofuata baada ya tarehe 20 ndiyo yako. Anza jioni duka la Kariakoo likishafunga hesabu. Mafaili yote ya kusimika yawe yameshapakuliwa wiki moja kabla, umelinganisha alama ya SHA-256, inayothibitisha kwamba faili halijabadilishwa, ya kila moja na ile ya tovuti ya mtengenezaji, yako kwenye diski mbili. Unakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na mji mzima ukawa unasubiri ukurasa mmoja ufunguke? Hutaki kuwa unapakua gigabaiti tano siku kama hiyo. Jenereta iwe na mafuta, na UPS ijaribiwe kwa kuchomoa waya ukutani kweli kweli, mchana, ukiwa macho.

Sasa saa ya kurudi. Iandike hivi: "Jumapili saa kumi jioni. Kama dada wa uhasibu hajaweza kutoa ankara, kupokea malipo na kuchapa taarifa ya stoo, tunarudi." Kurudi kwenyewe ni kuizima mashine mpya na kuichomeka tena ya zamani kwenye swichi, kwa sababu hukuifuta, uliichomoa kebo ya mtandao tu na kuiwekea karatasi yenye maandishi makubwa USIGUSE. Na pale saa kumi usiwe wewe wa kuamua, maana utakuwa hujalala na utaona kila kitu kimebakiza dakika kumi. Mpe mtu mwingine karatasi. Ningempa huyo dada wa uhasibu.

Kwa mzee nenda na ukurasa mmoja. Usimwambie habari za matoleo. Mwambie kwamba kiraka cha kuziba tundu la WannaCry kilitoka 14 Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio, na walioumia walikuwa ni wale ambao hawakukiweka. Sisi tuko pabaya zaidi, maana kwa seva zetu viraka havitoki tena. Mwambie kwamba mnatunza taarifa za wafanyakazi na wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, kwa hiyo swali la "ulizilindaje" litaulizwa kwake, si kwako. Halafu muulize duka la Kariakoo linaingiza shilingi ngapi Jumamosi moja. Hiyo namba anayo kichwani, wewe huna. Mwache aitaje mwenyewe. Kisha umwonyeshe tarehe tatu za mafungu matatu, na mstari wa saa kumi jioni, aweke sahihi pale. Na ya mwaka jana mweleze ilivyokuwa, kidude, diski na vyote. Anajua tayari kwamba nondo zilitoka mara mbili. Hajui kwamba wewe unajua kwa nini.

Kesho asubuhi, kabla ya daftari na kabla ya mzee, zunguka nyuma ya ile seva ya pili na tochi ya simu. Kipige picha kile kidude, namba yake ionekane, umtumie muuzaji. Halafu kibandike kwa selotepu mahali kilipo, maana chumba hicho ni cha mafagio na ipo siku mtu atakuja kuchukua fagio lake.

Anti